Binti Yangu Anakosea Besi kwa Makusudi

Mpendwa Mama Eustakia, shikamoo. Msaada ninaouomba si wa mtu mwenye njaa wala mwenye ndoa inayovunjika, kwa hiyo ukiona wapo wenye shida kubwa kuliko yangu watangulize wao, lakini zamu yangu ikifika nijibu bila kunionea haya, na jina langu uliandike wazi, Juvenali wa Kirushya, wilaya ya Ngara, sitaki kufichwa kama wale wanaoandika habari za nyumba ndogo, maana habari yangu ni ya kujivunia, ila imenikwama kooni kama mfupa wa samaki na sijui niimeze au niiteme.

Mimi ni mkulima wa migomba na maharage, na ni mpiga gitaa la besi. Navitaja vyote viwili pamoja kwa sababu huku kwetu ukiuliza Juvenali yupi, utaambiwa Juvenali Besi. Kwaya ya parokia yetu haijawahi kuwa na mpiga besi mwingine tangu ilipopata umeme. Gitaa langu ni la nyuzi nne, jekundu, zito kama mtoto aliyelala, nililipata kwa kubadilishana na mtamba wangu mmoja wakati bendi fulani ya Biharamulo ilipokuwa inavunjika, na mke wangu Jovina alinuna kwa sababu ya yule mtamba mpaka siku aliposikia gitaa likiunguruma kanisani kwenye Misa ya Pasaka, akaniambia, "Basi, sasa nimeelewa." Watu wengi hawajui besi ni nini, Mama. Wanasikia solo inalia wanasema gitaa linapigwa vizuri, lakini ukiizima besi utawaona wanatazamana kama watu waliovutiwa kiti. Besi haiingilii masikioni. Inaingilia kwenye benchi ulilokalia.

Sasa mtoto wangu wa kwanza ni Claudia. Alipokuwa mdogo alikuwa anakuja mazoezini na kuegemeza mgongo kwenye spika mpaka analala hapo hapo, wenzake wakiogopa ile ngurumo, na alipoweza kulishika gitaa nikamfundisha mwenyewe, nikamwonyesha vidole viwili vinavyopokezana kama miguu ya mtu anayetembea, nikamwonyesha na kitu changu ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine, kwamba pigo la kwanza naliacha lipite tupu halafu naingia na la pili kutokea chini kabisa, kama mtu anayechelewa mlangoni makusudi ili aonekane. Kitu hicho sikukibuni kwa akili nyingi, waya wangu wa zamani wa kuunganishia gitaa na amplifaya ulikuwa unakata sauti kila nikianza, nikajikuta pigo la kwanza halisikiki, watu wakalipenda hivyo hivyo, na nilipopata waya mzima nikaendelea.

Claudia akasoma, akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa shule huko Nemba, Biharamulo, na mimi nikaringa, maana ndiye mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu. Kila likizo akija nyumbani namwekea gitaa mapajani, namwambia nisikie, na kila likizo anakosea. Vidole vinaruka uzi, anachelewa, anafika katikati ya wimbo anacheka na kusema, "Baba, hapa huwa napotea kabisa. Nionyeshe tena." Nami namwonyesha tena, Mama, kwa uvumilivu mkubwa, halafu jioni namwambia mama yake kwamba mtoto ana moyo ila vidole Mungu hakumpa, na Jovina ananitazama, anaendelea kuchambua maharage.

Mwaka jana, kabla hata ya likizo yake ya kwanza, nikipogoa migomba kisu kikanikata kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ule wa kubania nyuzi. Kilipona lakini hakikunjiki vizuri. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza, ila nikaona Desderius, mwalimu wetu wa kwaya, anachagua nyimbo za polepole. Zile za kuchezesha matoleo, zilizokuwa zinawainua hata wazee wenye fimbo, hazipangwi tena. Na mwaka huu parokia ina jubilei, wanakuja wageni kutoka majimbo mengine na watu wa redio wa kurekodi, na Desderius amepita nyumbani kwangu akaketi, akanywa maji, akasifia migomba, akaniuliza, "Mzee, kile kidole kinaendeleaje?" Nikasema kinaendelea vizuri. Akasema, "Tunamshukuru Mungu," akaondoka. Hakuja kusifia migomba.

Nije kwenye lenyewe. Sisi wapenzi wa besi wa huku tuna kikundi chetu kwenye simu, na tukipata nafasi tunakutana Rusumo kwa Abeli, yule wakala wa forodha, ambaye nyuma ya ofisi yake ana chumba chenye amplifaya mbili na magitaa matatu yaliyoning'inizwa ukutani kama nyama buchani. Hapo malori yanapiga foleni kuvuka kwenda Rwanda na sisi tunabishana. Abeli ni mtu wa nyuzi tano, anasema nne ni umaskini. Mimi nasema aliyeshindwa kusema jambo kwa nyuzi nne hata umpe kumi hana la kusema. Abeli anawapenda wapigaji wa rumba ya Kongo, kwamba besi lazima iimbe. Nshoma, Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia Nemba, anapenda wapigaji wa kwaya za Mwanza, kwamba besi lazima itwange. Mimi nimesimama na marehemu Niyomugabo wa bendi ya zamani ya Biharamulo, ambaye hakuimba wala hakutwanga, alitembea tu, na ukimfuata unafika.

Siku moja Nshoma akasema, "Acheni kubishana kwanza, nimewaletea mtu." Akaunganisha simu yake kwenye amplifaya. Alikuwa amerekodi kwenye harusi ya jirani yake, picha ilikuwa giza tupu, watu wanapita mbele, lakini sauti ilikuwa safi. Ikaanza besi. Mama Eustakia, nilisimama. Vidole vile havikuwa na haraka wala woga. Vilikwenda chini, vikakaa kidogo, vikapanda kwa mtindo ambao mtu akifanya unajua kwamba tangu mwanzo alikuwa anajua anakokwenda. Abeli naye akanyamaza, jambo ambalo ni gumu kwake. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Huyu anatuzidi sisi sote humu ndani. Na mimi ananizidi." Nshoma akacheka akasema, "Subiri, hujasikia." Wimbo ukageuka, wakaingia kwenye kucheza, na pigo la kwanza likapita tupu. La pili likaingia kutokea chini.

Nikakaa.

Abeli akasema, "Juvenali, huyo si anapiga kitu chako?"

Nikamwuliza Nshoma, "Ni nani huyo?"

"Mwalimu wa pale shuleni kwetu. Binti wa kutoka huko kwenu Ngara. Anapigia kwaya ya kigango chao, na harusi zote za Nemba wanamgombania. Anaitwa mwalimu Claudia." Halafu akaniangalia, akaona uso wangu, akasema, "Ehe. Kumbe!"

Nilitoka nje. Nilisimama kati ya malori, dereva mmoja akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nina mtoto.

Nikarudi nyumbani nikamwuliza Jovina kama alijua. Akasema alijua. Akasema amejua siku nyingi, kwamba Claudia alimwambia mwenyewe, "Mama, baba nimemwona kidole kile kinavyomhangaisha. Watu wanamwita kwa jina la besi. Nikipiga mbele yake vile ninavyopiga, mwalimu Desderius atasikia, na baba atabaki na nini?" Jovina akaniambia ninyamaze. "Mtoto amekupa heshima. Ukimwambia umejua, utakuwa umeirudisha zawadi mlangoni. Nyamaza, piga jubilei yako, watu wamekuzoea."

Sasa ndiyo hapo nilipo. Nina furaha mpaka nashindwa kula, nimemwambia muuza duka, nimemwambia katekista, nimemwambia jirani ambaye hatusalimiani vizuri, kwamba binti yangu ni mpiga besi ambaye Rusumo nzima ilinyamaza kumsikiliza, lakini mwenyewe sijamwambia. Na upande mwingine naona aibu, kwamba nimetendewa kama mtoto kwa kuonewa huruma, mimi niliyekuwa namwonea yeye huruma, na naona uchungu nikifikiria jubilei mtu mwingine akae kwenye kile kiti changu, hata kama huyo mtu nimemzaa. Nikisema, naharibu heshima ya mtoto. Nikinyamaza, anaendelea kukosea kila likizo kwa ajili yangu. Nishauri, Mama. Nifanyeje?

Juvenali, Kirushya.


MAMA EUSTAKIA ANAJIBU

Marahaba, Juvenali. Jina lako nimeliandika wazi kama ulivyotaka, na la Desderius pia, ili ajue kwamba tumeelewa hakuja kusifia migomba.

Kwanza pokea pongezi. Wazazi wengi wananiandikia kwamba watoto wao hawakurithi kitu kwao isipokuwa hasira. Wewe umemlea binti ambaye amechukua kitu chako, amekikuza mpaka kimekuzidi, halafu akakuogopea usiumie. Vyote viwili, ufundi na upendo, amevitoa kwenye nyumba yako. Ringa. Ruhusa unayo, ingawa naona hukusubiri ruhusa.

Sasa niache nikukaripie kidogo. Unaniambia tatizo lako ni kwamba ukisema utaharibu heshima ya mtoto. Baba, usinidanganye na usijidanganye. Ungekuwa unaogopa kumharibia mtoto tu, usingemwambia muuza duka. Unachoogopa ni kiti. Una fahari mbili ndani yako na zinagombania kifua kimoja: moja ya baba, moja ya Juvenali Besi. Hiyo ya pili si dhambi, umeifanyia kazi miaka mingi. Lakini usiivishe nguo za ile ya kwanza ukaileta kwangu eti ni huruma kwa mtoto.

Na sasa nitakuambia jambo zito zaidi, ulisome polepole kama zile nyimbo anazokuchagulia Desderius. Binti yako amejifunza kukosea mbele ya mwanamume anayempenda ili mwanamume huyo asijisikie mdogo. Leo mwanamume huyo ni wewe, na sote tunasema ah, mtoto mwenye adabu. Kesho atakuwa mume, naye Claudia atajifanya hajui hesabu za nyumba. Kesho kutwa atakuwa mwalimu mkuu, naye atanyamaza kikaoni akijua jibu. Nimesoma barua za wanawake wa namna hiyo tangu nianze kazi hii, Juvenali, wanawake wenye akili ambao walianza kujipunguza wakiwa wasichana, kidogo tu, kwa upendo tu, na sasa wana umri wangu na hawajui ukubwa wao halisi ni upi. Hilo ndilo linaloendelea nyumbani kwako kila likizo, huku wewe ukimwonyesha tena kwa uvumilivu mkubwa.

Mama Claudia, najua unasoma. Ulinyamaza kwa nia njema, nawe ulimjua mumeo. Lakini zawadi ambayo mtoaji lazima ajifiche ili itolewe, hiyo imekuwa mzigo. Mtoto ameubeba wa kutosha. Mtue.

Basi, fanya hivi. Usiitishe kikao cha ukoo. Usimwandikie kwenye simu. Usimtume mama yake, na usitangaze mbele ya kwaya ukamwaibisha kwa sifa asizojiandaa nazo. Panda gari uende Nemba. Fika Jumamosi, huyo Nshoma atakupa pa kulala, unamdai hilo kwa namna alivyokurushia habari. Jumapili ingia kanisani kwao, kaa nyuma, msikilize mwanao akipiga kwa watu ambao hawamwogopei. Akikuona, akuone. Mengine mtayasema wenyewe mkitoka, nyinyi ni watu wa lugha moja.

Ukirudi, nenda kwa Desderius kwa miguu yako kabla hajarudi kusifia migomba mara ya pili. Mwambie mpiga besi wa jubilei unamjua, na mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kiti ukikiachia kwa mkono wako unabaki mwenye nyumba. Ukisubiri kunyang'anywa unakuwa mgeni.

Na usithubutu kulitundika gitaa. Nimeona unalielekea hilo, wanaume mkishindwa kuwa wa kwanza mnapenda kufa. Kustaafu ukiwa na vidole tisa vizima ni uvivu. Zile nyimbo za polepole ni zako, zipige vizuri. Hicho kidole kipeleke hospitali wakakitazame, umekificha vya kutosha. Claudia akikuuliza kitu kuhusu besi, mjibu. Usipoulizwa, usimwonyeshe tena.

Ukitoka Nemba niandikie.

Mama Eustakia.


JUVENALI AMEANDIKA TENA

Mama Eustakia, shikamoo. Nilikwenda.

Nshoma alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, akaniomba radhi, nikamwambia hakuna kosa. Asubuhi akanisindikiza, ingawa yeye si Mkatoliki, akasema Jumapili hii Mungu atamsamehe kwa sababu ya besi. Tukakaa benchi la mwisho. Claudia alikuwa amekaa upande wa kwaya, na gitaa la kigango, la bluu, lililokwanguka rangi, na amplifaya ndogo ambayo mimi ningeikataa. Mama, kwa amplifaya ile ile ndogo alilifanya lile kanisa litembee. Wimbo wa mwanzo nilisikiliza nimefumba macho. Utukufu nilisikiliza nimefungua. Kinamama waliokuwa mbele yangu walikuwa wanayumba pamoja kama migomba kwenye upepo mmoja, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama gitaa, na hiyo ndiyo besi.

Kwenye matoleo watu wakaanza kwenda mbele, njia ikafunguka, akaniona.

Nilimwona akiniona. Na hapo hapo, Mama, vidole vikaruka uzi. Akachelewa. Akakosea pale pale anapokosea nyumbani. Kwaya ikayumba, mwalimu wao akageuka akamtazama kwa mshangao, maana hawajawahi kumsikia akikosea, na watu wenye vikapu vya maharage wakasimama katikati ya njia hawajui mguu upi utangulie. Mimi ulinishauri nikae, akiniona anione. Nilishindwa. Nilijikuta nimesimama, na sauti yangu ni ya mtu aliyezoea kushindana na spika.

"Claudia! Piga kama unavyopiga!"

Kanisa zima liligeuka. Mama mmoja akauliza, "Huyu mzee katokea wapi?" Nshoma akamjibu kwa sauti, "Ndiye aliyemfundisha."

Claudia akainamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanatikisika. Halafu akainua uso, akaniangalia moja kwa moja, akalivuta gitaa karibu na kifua na kuingia. Sitaweza kukueleza alivyoingia. Wale wenye vikapu hawakutembea tena, walicheza mpaka altareni, na katekista wao, mzee mwenye miwani, nilimwona akitikisa kichwa kufuata mdundo huku anajifanya anasali.

Tulipotoka tulisimama nyuma ya kanisa, peke yetu. Akaniamkia. Nikamwitikia. Akaniuliza, "Umejua lini, Baba?"

"Rusumo. Kwenye simu ya Nshoma."

"Na hukuniambia?"

"Na wewe hukuniambia."

Hapo ndipo alipolia. Akasema, "Niliogopa utaliweka gitaa chini. Sikutaka liwekwe chini kwa ajili yangu."

Nikamwambia, "Litawekwa chini nikiwekwa mimi. Sikiliza, mwanangu. Wewe unanizidi. Na mimi ndiye niliyekufundisha. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili ni yangu, nataka kutembea nayo mchana, watu waone." Sikujua kwamba nina maneno hayo mpaka yalipotoka. Akanishika mkono wa kushoto, akakigeuza kile kidole, akakitazama kama mwalimu anavyotazama daftari la mtoto, akasema Jumatatu niende hospitali, na nimekwenda, wamenipa mazoezi ya kukikunja, kinauma lakini kinakwenda.

Kwa Desderius nilikwenda kwa miguu yangu. Nilipomaliza kusema alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia, akanikumbatia, na ni mtu asiyekumbatia watu.

Jubilei imekwisha juzi, iliangukia likizo ya Claudia. Wimbo wa kuingia nilipiga mimi, na ule wa baada ya komunyo, polepole, na sikukosa. Mengine yote alipiga yeye, kwenye gitaa langu jekundu, mbele ya wageni na watu wa redio na maaskofu waliotoka mbali. Matoleo yalichukua muda mrefu hata padre akacheka, kwa sababu hakuna aliyetaka kufika mbele. Nilikuwa nimekaa na wanaume, na benchi lilikuwa linatetemeka chini yetu, na mgeni mmoja aliyekuwa karibu nami akaniuliza yule binti ni wa nani. Nikamwambia. Nikamwambia na aliyekaa mbele yake.

Tuliporudi nyumbani, Jovina akatenga ndizi na maharage, ndugu wamejaa, Abeli na Nshoma wapo, watu wanasifia, na mimi nikamwuliza Claudia, kwa utani tu, nikitaka na mimi kusifiwa kidogo, "Na wimbo wangu wa kuingia uliuonaje?"

Akatafuna, akameza, akasema, "Ulikuwa mzuri, Baba. Ila unapiga kwa nguvu mno."

Nikasema, "Nini?"

"Unapiga kwa nguvu mno. Siku zote. Uzi unaupiga kama unaupa adhabu. Ungeugusa tu, amplifaya ingefanya kazi yake, na sauti ingekaa muda mrefu zaidi."

Nikamwambia kwamba nimepiga hivyo kabla hajazaliwa. Akasema ndiyo, na tangu hapo ni kwa nguvu mno. Nikamwambia marehemu Niyomugabo alipiga kwa nguvu. Akasema marehemu Niyomugabo hakuwa na amplifaya nzuri, mimi ninayo. Nikaomba Abeli anisaidie, Abeli akaangalia sahani. Nshoma akasema kwamba kwa kweli mwalimu ana hoja. Jovina akasema tule kwanza. Hatukula, Mama. Tulilichukua gitaa, nikapiga mimi, akapiga yeye, nikapiga tena, tukapandishiana sauti mpaka majirani wakaja mlangoni, na hakuniachia hata neno moja. Hata moja! Chakula kilipoa. Nilikasirika kwelikweli, na katika maisha yangu sijawahi kukasirika kwa raha namna ile.

Nakutumia sauti tuliyorekodi siku hiyo, mimi wa kwanza, yeye wa pili, wimbo mmoja. Sikia mwenyewe uamue.

Juvenali, Kirushya.


Marahaba, Juvenali. Nimesikiliza, nikarudia, nikamwita na jirani yangu asikilize. Binti ana haki. Punguza nguvu.

Mama Eustakia.